Waache Watumiaji Waubadilishe Mpango

Kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi wa informatiki mjini Kisangani zina vichwa vinavyofanana sana. Kubuni na kutengeneza programu ya kusimamia akiba ya dawa. Kubuni na kutengeneza programu ya kulipa mishahara. Kubuni na kutengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa. Kisha hufuata jina la hospitali, duka la jumla au ofisi iliyochukuliwa kama mfano. Mwanafunzi hutetea kazi yake mbele ya majaji, familia hupiga picha, na mara nyingi programu hubaki ndani ya kompyuta yake. Ofisi iliyotajwa kwenye jalada huendelea na daftari lake.

Sikubaliani na wanaosema kwamba vijana hawa hawajui kazi. Wengi wanaijua. Michoro yao ya data ni safi, majedwali yamepangwa kwa nidhamu, uhusiano kati ya mgonjwa, muuguzi na dawa umeonyeshwa bila kosa. Anayekosekana ni mtu atakayeitumia programu hiyo. Hutokea kwenye sura ya pili, akahojiwa kuhusu kazi yake, na tangu hapo hasikiki tena.

Sababu moja iko kwenye njia waliyofundishwa. Kongo ilirithi kutoka Ufaransa njia iitwayo Merise, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Hubert Tardieu na wenzake. Merise hutenganisha data na shughuli, kisha hushuka ngazi kwa ngazi: dhana kwanza, mpangilio baadaye, mashine mwishoni. Ilizifaa wizara na benki za wakati ule, ambako kompyuta moja kubwa ilihudumia shirika zima na kosa la mchoro liligharimu miezi ya kazi. Baadaye ikaja UML, lugha ya michoro iliyopitishwa kuwa kanuni ya pamoja mwaka 1997, na vyuo vyetu vikaanza kuchanganya hizo mbili. Ningependa Merise iendelee kufundishwa, kwa sababu anayeijua hajengi hifadhidata ovyo. Lakini humzoesha kijana kuamini kwamba kufikiri kumekwisha siku anapoanza kuandika programu. Mazoea hayo yangeweza kuvunjwa palepale chuoni. Ingetosha majaji wa Chuo Kikuu cha Kisangani, au wa Taasisi ya Juu ya Biashara, kudai sura moja inayoeleza mtumiaji alipoishika programu kwa mkono wake alishindwa wapi, na nini kikabadilishwa baada ya hapo.

Njia nyingine imeingia kupitia simu. Kwa video na kozi za mtandaoni, vijana wa mitaa ya Makiso na Mangobo wamejifunza Ajaili (Agile), na hasa tawi lake liitwalo Skramu (Scrum). Kazi hukatwa vipindi vifupi visivyozidi mwezi mmoja, kila siku timu hukutana kwa dakika 15 kuelezana ilipofika, na mwisho wa kipindi kitu kinachofanya kazi huonyeshwa kwa wadau wake. Chimbuko lake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walieleza katika jarida la Harvard Business Review jinsi makampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox yalivyounda bidhaa mpya kwa timu ndogo yenye watu wa fani mbalimbali wanaokwenda pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliliingiza wazo hilo kwenye programu za kompyuta na kuliwasilisha hadharani mwaka 1995. Februari 2001 watu 17 wakakutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko la Ajaili. Miongoni mwa waliyoyasema: kushirikiana na mteja kutangulie kujadiliana mkataba, na kuitikia mabadiliko kutangulie kufuata mpango.

Kwenye mkataba ndipo Kisangani inapokwama. Wanunuzi wa programu katika mji huu ni wachache: mashirika yanayotumia fedha za wafadhili, ofisi za mkoa, hospitali za makanisa, na wafanyabiashara wawili watatu wenye maghala. Mnunuzi mwenye fedha za mfadhili huandaa cahier des charges, kitabu kinachotaja kila sehemu ya programu, tarehe ya kuikabidhi na bei yake. Kitabu hicho hufungwa na kutiwa saini kabla mtengenezaji hajasimama hata saa moja pale kazi inapofanyika. Timu ikishakipokea, yaweza kukutana kila asubuhi na kubandika kadi za rangi zote ukutani. Ikiwa walichokigundua Jumanne hakina ruhusa ya kubadilisha kitakachotengenezwa Jumatano, wanayo mikutano ya Skramu, lakini Skramu yenyewe hawana.

Najua jibu la wanunuzi: fedha za mfadhili zina masharti, haiwezekani vinginevyo. Inawezekana, na ushahidi umekaa chini ya miavuli ya mawakala wa fedha katika kila kona ya mji.

M-Pesa ilizaliwa Kenya kwa fedha za aina hiyohiyo. Nick Hughes, wa kampuni ya Vodafone, alipata ruzuku kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza uliokusudiwa kufikisha huduma za fedha kwa watu wasio na benki, na kampuni yake ikachangia upande wake. Mpango ulioandikwa ulihusu mikopo midogo. Mkopaji wa taasisi ya Faulu Kenya angepokea mkopo kwenye simu na kuurejesha kwa simu, ili asibebe noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Susie Lonie, mwenzake Hughes, akahamia Nairobi kusimamia kazi. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, na mawakala wanane na wateja wasiofika 500.

Udogo huo ndio uliowaokoa. Kwa watu wachache kiasi kile, timu iliweza kuona mtu mmoja mmoja anafanya nini na fedha zake, na waliyoyaona hayakuwa kwenye mpango. Watu walikuwa wakitumia huduma ile kulipana wao kwa wao kwa biashara. Wengine walitia fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiporwe njiani. Wenye maduka waliweka mauzo ya siku usiku kucha ndani ya simu, kwa kuwa benki ilikuwa imeshafungwa. Wapo waliotuma fedha kwa jamaa walio mbali, watu ambao hawakuwa hata sehemu ya majaribio. Wakati huohuo lengo lenyewe, marejesho ya mikopo, lilileta taabu kwa Faulu. Kikundi cha wakopaji kinadhaminiana kwa kuonana, na mtu anayelipa kwa simu haoni haja ya kuja mkutanoni. Tena mahesabu ya simu na vitabu vya Faulu havikuoana kwa urahisi.

Timu ingeweza kushikilia mpango, ikaongeza mafunzo kwa wakopaji, ikaandika ripoti nzuri kwa mfadhili. Badala yake ilikata. Huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007 iliachana na mikopo na kubaki na ahadi moja, kutuma fedha nyumbani. Kabla mwaka huo haujaisha waliojiandikisha walikuwa wamepita milioni 1. Mwaka 2012 Vodacom iliileta Kongo, na leo muuza samaki wa Kisangani anaitumia bila kujua kwamba ilikusudiwa kuwa chombo cha kurejeshea mikopo ya Nairobi. Watu hupenda kusifu ubunifu wa M-Pesa. Mimi nasifu zaidi ujasiri wa kuliacha lengo lililoandikwa kwenye maombi ya ruzuku, na busara ya waliotoa ruzuku kukubali.

Mfano mwingine umo ndani ya ofisi zetu wenyewe. Mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya Lubunga au Kabondo hujaza canevas, ile fomu ndefu ya taarifa: wagonjwa wangapi wa malaria, wanawake wangapi wamejifungua, chanjo ngapi. Fomu hupelekwa kwenye ofisi kuu ya zone ya afya, na huko huingizwa kwenye DHIS2, programu inayotumiwa na mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Kisangani ina zone tano za afya, na nchi nzima ina 519. Programu hiyo huratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ambako kikundi cha watafiti na wanaharakati wa afya, Jørn Braa miongoni mwao, kilikaa na wauguzi wa wilaya baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi na kuuliza ni takwimu zipi wanazihitaji wao, kabla ya wizara.

Kenya ndiyo iliyoifanya DHIS2 iwe kitu ambacho sisi tunaweza kukitumia. Mwaka 2011, baada ya majaribio katika Mkoa wa Pwani, nchi hiyo iliamua kuacha kufunga programu kwenye kompyuta za kila wilaya na kuweka kila kitu kwenye seva moja inayofikiwa kwa intaneti ya modemu za simu. Majengo ya wizara hayakuwa na mtandao wa kutegemewa, kwa hiyo wakakodi seva nje ya nchi. Lakini wilayani mtandao ulikuwa ukikatika karani akiwa katikati ya fomu, na kazi ya nusu saa inapotea. Watengenezaji wakaongeza uwezo wa kuhifadhi namba ndani ya kivinjari chenyewe na kuzituma mtandao ukirudi. Uwezo huo ukaingia kwenye programu ya dunia nzima. Karani wa mkoa wetu wa Tshopo anayeingiza data leo, akakatikiwa na mtandao na asipoteze kitu, anafaidi malalamiko ya karani wa Pwani ya Kenya ambayo mtu fulani aliyachukua kwa uzito.

Sasa tuilete njia hii ya kumfuata mtumiaji kwenye maji ya Kisangani. Mji huu ndio mwisho wa safari ya mto kutoka Kinshasa, kiasi cha kilomita 1,700. Juu yake maporomoko ya Boyoma huzuia vyombo, ndiyo maana reli ya kilomita 125 ilijengwa hadi Ubundu. Mashua za mbao zenye injini, baleinière kama tunavyoziita, huondoka na mchele, mafuta ya mawese, makaa, mbuzi na watu. Zinapozama, na huzama mara nyingi mno katika mito ya Kongo, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba idadi ya waliokuwamo haijulikani, kwa kuwa orodha ya abiria haikuandikwa au haikuwa kamili. Familia hungoja ufukweni bila kujua kama mtu wao alipanda. Tuseme mkoa umepata fedha za programu ya orodha za abiria.

Naweza kubashiri cahier des charges yake: kuandikisha kila abiria kwa namba ya kitambulisho, kuchapa tiketi yenye alama ya kusomwa na simu, ramani ya vyombo vilivyo safarini, ripoti kwa gavana kila wiki. Miezi tisa ya kazi, hafla ya makabidhiano, na pengine kompyuta mpya tatu ofisini.

Timu inayofuata njia hii kwa dhati ingeanza kwa wiki mbili bila kuandika programu yoyote. Ingekwenda bandarini alfajiri, ikamtafuta karani wa mashua, ikamwomba kwa heshima, papa, tunaomba tukae nawe tuone kazi yako. Pale ingegundua mambo ambayo hakuna mchoro wa Merise ambao ungeyafichua. Abiria wengi hawana kitambulisho. Wengine hawapandii bandarini kabisa. Hupandia vijiji vya chini ya mto, usiku, kwa pirogi inayosogea ubavuni. Watoto hawaandikwi. Na karani ana sababu nzito ya kutoandika orodha kamili, kwa kuwa orodha kamili ni ushahidi kwamba mashua imepakia kupita kiasi, na mwenye mashua ndiye anayemlipa mshahara.

Ugunduzi huo wa mwisho unabadilisha bidhaa yote. Programu inayomtaka karani ajishitaki mwenyewe haitatumiwa, hata ikiwa nzuri namna gani. Basi nani anataka orodha iwe kamili? Abiria mwenyewe, na mama yake aliyebaki Mangobo. Toleo la kwanza lingeweza kuwa ujumbe mfupi tu: abiria anatuma jina la mashua kwenda namba moja, nao watu wawili anaowachagua wanapata habari kwamba amepanda. Hakuna tiketi, hakuna ramani. Lijaribiwe kwa mashua moja, safari moja hadi Isangi, mmoja wa timu akiwa ndani. Huenda lishindwe. Huenda wasafiri waseme hawataki gharama ya ujumbe, au kwamba hawapendi watu wajue wanakokwenda. Kushindwa huko kungegharimu wiki tatu, na fedha nyingi zingekuwa bado ziko benki kwa jaribio la pili.

Hapa lazima niseme neno kuhusu hali ya mji, kwa sababu njia zilizoandikwa Marekani zinadhani umeme upo. Kiwanda cha umeme cha Tshopo, kilichojengwa enzi za Wabelgiji, kina mashine tatu tu, na moja ikiharibika mitaa inapeana zamu ya giza, délestage. Timu ya Kisangani hupanga wiki yake kwa saa za umeme, si kwa siku, na kipindi cha wiki moja kinaweza kuwa na saa 20 za kazi ya kweli au 40. Kwa hiyo kukata kazi vipande vidogo kuna maana kubwa zaidi hapa kuliko San Francisco: kilichokamilika kabla ya délestage kimekamilika, na kilichobaki nusu kinaweza kungoja siku tatu.

Intaneti nayo inadai marekebisho. Vitabu vya Ajaili vinahimiza kutoa toleo jipya mara kwa mara. Huku mtumiaji hulipia kila mega anayoipakua, kwa hiyo kumtumia toleo jipya kila wiki ni kumtoza kodi kila wiki, naye ataiondoa programu kwenye simu ili apate nafasi na akiba. Nionavyo mimi, ni bora timu ichague watumiaji watano, iwapelekee toleo kila wiki kwa mkono, simu kwa simu bila mtandao, ikae nao wakilitumia, kisha watu wengine wote wapate toleo moja baada ya miezi miwili. Kwenda Lubunga maana yake ni kuvuka mto kwa pirogi na kupanda toleka, teksi ya baiskeli, upande wa pili, na nusu siku inakwisha. Nusu siku hiyo ihesabiwe kuwa kazi, ilipwe kama kazi.

Hilo linanirudisha kwenye mkataba, maana huko ndiko haya yote huruhusiwa au hukatazwa. Mnunuzi ana haki ya kuogopa. Timu isiyofungwa na chochote inaweza kula fedha na kuondoka, na mkoa wetu umeona miradi iliyoishia hivyo. Lakini orodha ndefu ya sehemu za programu haimlindi na hilo. Inamhakikishia tu kwamba atapokea vitu vingi, hata visivyotumika. Kinga yake iko kwenye vipindi vifupi vya malipo. Mkataba uweke tatizo linalotakiwa kutatuliwa, kiwango cha juu cha fedha na tarehe ya mwisho. Malipo yagawanywe kila wiki nne, na kila awamu ifunguliwe na kitu ambacho karani, muuguzi au abiria amekitumia kwa kazi yake halisi, mwakilishi wa mnunuzi akiwa amesimama pale. Mnunuzi awe na haki ya kuvunja mkataba mwisho wa awamu yoyote na kubaki na yote yaliyokwisha andikwa, pamoja na msimbo wake. Timu nayo iwe na haki ya kupendekeza kufuta sehemu iliyopangwa na kuweka nyingine, kwa maandishi ya ukurasa mmoja, na ijibiwe ndani ya siku tano. Bila hizo siku tano, barua huzunguka kati ya Kisangani, Kinshasa na makao ya mfadhili hadi fedha za mwaka zinakwisha.

Timu ndogo zinaogopa kudai masharti kama hayo kwa sababu mnunuzi ni mmoja na vijana wanaotafuta kazi ni wengi. Naielewa hofu hiyo. Zinaweza kuanza na kitu kimoja kisichohitaji ruhusa ya mtu, nacho ni daftari la ziara: tarehe, mahali, nani aliitumia programu, alikwama wapi, alisema nini. Mfadhili akiuliza mwishoni kwa nini sehemu ya tano ya kitabu haikutengenezwa, ukurasa wa daftari ufunguliwe mbele yake, aone kwamba wiki ya sita wauguzi wanne wa zone mbili tofauti waliikataa, na kila mmoja alisema kwa nini.